Mtungi Kwanza, Samaki Baadaye: Kuchagua Samaki Wanaopatana kwa Akwariamu ya Nyumbani Eastlands

Anayetaka kuanzisha akwariamu nyumbani huuliza kwanza ni samaki gani wanaoweza kukaa pamoja bila kuumana. Swali hilo lina haki yake, ila linakuja mapema mno. Samaki wanaopigana unawaona: mkia umechanika, mmoja amejibanza nyuma ya filta, na unaweza kuwatenganisha jioni hiyo hiyo. Samaki wasiopatana na maji hawaonyeshi ugomvi wowote. Hupungua mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, kisha mwenye nyumba anarudi dukani kununua wengine wa aina ile ile na kuwatia kwenye maji yale yale. Kwa mkaazi wa Eastlands, awe katika nyumba ya Buruburu yenye ua au bedsita ya ghorofa ya sita kule Pipeline, upatanifu wa samaki unaanzia kwenye maji yanayomfikia: yanatoka wapi, yana baridi kiasi gani, na yanapatikana mara ngapi kwa wiki. Ukiyajua hayo matatu, orodha ya samaki wanaokufaa itakuwa imeshafupika, na habari ya nani atamuuma nani utaimaliza kwa kanuni chache.

Maji yako ni ya wapi?

Maji ya bomba ya Nairobi, yale ambayo wengi bado wanayaita maji ya kanjo, kwa sehemu kubwa hutoka milima ya Aberdare, kupitia mabwawa kama Sasumua na Ndakaini, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1994. Ni maji ya mvua na mito iliyopita kwenye miamba ya volkano, kwa hiyo ni maji laini, yenye madini machache. Upande wa pili kuna maji ya visima virefu, ambayo mitaa mingi ya Embakasi, Pipeline na kwingineko huyategemea bomba linapokauka. Wakaazi huyaita maji ya chumvi. Chumvi hiyo si ile ya baharini: maji ya chini ya ardhi ya Nairobi kwa kawaida yamejaa sodiamu na bikaboneti, yana floraidi nyingi, na pH yake mara nyingi hupanda juu ya 8. Usiyapime kwa sabuni. Watu hudhani maji yakitoa povu vizuri basi ni laini na yanafaa samaki yeyote, lakini povu linazuiwa na kalisi na magnesi tu. Maji yenye sodiamu na bikaboneti tele yanaweza kutoa povu zuri huku pH yake ikiwa mbali kabisa na ile anayoihitaji tetra wa Amazoni. Nunua kipimo cha matone au vijikaratasi vya kupimia pH, upime maji yaliyokaa wazi usiku mmoja, na urudie wiki mbili tofauti.

Hiyo pH inahusu nini na samaki kupatana? Inahusu sana. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake kila saa ya maisha yake. Amonia hiyo majini hugawanyika katika hali mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu, na kinachoamua kiasi cha kila moja ni pH pamoja na joto. Maji yakiwa na nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni karibu asilimia 5, na kwenye 8.5 inakaribia asilimia 15. Maana yake ni kwamba kundi lile lile la samaki, wakila chakula kile kile, wanaweza kuwa salama katika nyumba yenye maji ya bomba Jericho na wakawa wanaungua mashavu katika nyumba yenye maji ya kisima Embakasi. Mwenye maji ya chumvi anahitaji kupunguza idadi kabla ya kuchagua rangi.

Hatari kubwa kuliko maji ya aina yoyote kati ya hizo mbili ni kuyabadilishabadilisha. Katika ploti nyingi tanki la juu hujazwa maji ya bomba siku za zamu, kisha kisima au bouza likijaza pengo. Mwulize keateka bila haya: maji ya leo ni ya wapi, na ya Jumamosi yatakuwa ya wapi? Ikiwa yanachanganywa ovyo, wachague samaki wa maji ya chumvi, maana wao huvumilia mabadiliko kuliko tetra, kisha uweke akiba ya mtungi mmoja kutoka chanzo kile kile unachokitumia kila wiki.

Wapo watakaosema dawa za kushusha pH zinauzwa, kwa nini mtu ajifunge na maji aliyopewa? Kwa sababu bikaboneti iliyomo kwenye maji ya kisima huimeza asidi hiyo. Leo unashusha hadi 7, kesho imepanda tena, na samaki amepitia mageuzi mawili makali ndani ya siku mbili. Samaki hustahimili pH isiyo ya asili yake lakini tulivu kuliko pH nzuri inayoyumba. Ni heri ununue samaki wa maji uliyo nayo.

Baridi ya Julai na hewa ya mlimani

Nairobi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Julai, usiku hushuka hadi kama nyuzi 11 au 12 nje, na maji ya akwariamu isiyo na hita hufuata wastani wa joto la chumba. Kwa hiyo usiende kununua samaki kabla hujaweka kipimajoto majini na kukisoma alfajiri, wakati wa baridi kali kuliko wote. Ukiona 19, samaki malaika, beta na moli hawatafaa bila hita, kwani wanataka nyuzi 24 na zaidi. Baridi huwapunguzia kinga, na ule ugonjwa wa vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini hufuata. Hita ya wati 100 inatosha lita 100, na ikiwaka nusu ya siku inakula uniti 1.2 za stima. Piga hesabu ya tokeni kabla ya kujitia kwenye samaki wa joto, kisha ufikirie pia usiku ambao stima itapotea hadi asubuhi.

Mwinuko huo una jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havina sababu ya kulitaja. Kanieneo ya hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya ile ya Mombasa, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiwango hicho hicho. Kanuni za idadi ya samaki zilizoandikwa kwa miji ya usawa wa bahari zinampa mkaazi wa Nairobi samaki wengi kuliko maji yake yanavyoweza kuwapa pumzi. Maji baridi, kwa upande wake, hubeba oksijeni zaidi kuliko ya moto. Ndiyo maana samaki anayeridhika na nyuzi 20 hadi 22 anatufaa mara mbili: hahitaji hita, na stima ikipotea anabaki na pumzi ya kungojea.

Ukubwa wa akwariamu upimwe kwa mitungi

Kila wiki unatakiwa kutoa takriban sehemu moja ya tano ya maji na kutia mengine, kwa sababu filta hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti, na nitreti haiondoki yenyewe. Kwa akwariamu ya lita 100 hiyo ni lita 20, yaani mtungi mmoja. Kipimo hiki ndicho cha kununulia: hesabu mitungi ambayo nyumba yako inaweza kuitenga kila wiki hata wakati wa ukame, uzidishe kwa lita 100, na hapo usivuke. Anayenunua mitungi kwa mkokoteni asijitwike akwariamu ya lita 300. Na kwa anayeona kufuga samaki ni kuchezea maji katika mtaa wenye kiu, pingamizi hilo ni zito, lakini mtungi huo haupotei. Maji yanayotoka yana nitreti, ambayo ni mbolea, na sukuma wiki ya kwenye gunia pale barazani inayapenda kuliko maji ya bomba.

Maji ya kutia yalale kwenye ndoo iliyo wazi siku moja hadi mbili ili klorini itoke. Mtungi uliofungwa kifuniko huihifadhi, hata ukikaa wiki. Yaingize ndani mapema yalingane joto na chumba, maana mtungi uliolala barazani Julai ni barafu kwa samaki. Chombo kiwe cha kazi hiyo tu, kisichowahi kutiwa sabuni, dawa ya kufulia wala mafuta ya taa.

Sasa, nani akae na nani

Ukishawatoa samaki wasiofaa maji, joto na mitungi yako, wapitishe waliobaki kwenye hatua hizi kwa mfuatano. Anayeanguka katika hatua yoyote, mwache.

1. Uliza atafika urefu gani akikomaa. Oska mwenye urefu wa kidole dukani hupita sentimita 30. Saka wa kawaida, yule kambare wa kunyonya vioo anayeuzwa kama mfagiaji, hufika hapo na kuzidi. Goldifishi hufika 15 hadi 20 na kuendelea. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayefaa lita 100.
2. Linganisha mdomo wa mkubwa na mwili wa mdogo. Kinachoingia mdomoni huliwa. Malaika aliyekomaa anakula tetra neoni bila uchokozi wowote, kwani ni chakula.
3. Angalia mapezi. Babi wenye milia ya chuimilia, wanaouzwa kwa jina la taiga, hukata mapezi marefu ya gapi na malaika. Beta dume humwona gapi mwenye mkia mpana kama beta mwenzake.
4. Tafuta kama ni wa kundi. Danio, tetra na kori huishi kwa makundi ya sita na zaidi. Wakiwa wawili wanajificha, na hofu inawaua. Ni afadhali aina mbili zenye kundi kamili kuliko aina sita za wawili wawili.
5. Gawanya ghorofa za maji: aina moja ya juu, moja ya kati, moja ya chini. Hapo hawagombei nafasi wala chakula.
6. Hesabu madume na majike. Gapi, plati na moli huzaa hai, takriban kila mwezi, na jike hutunza mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo jike mmoja peke yake bado anaweza kukujazia nyumba. Chagua madume watupu, au dume mmoja kwa majike wawili watatu ukiwa una pa kuwapeleka watoto.

Wengi huruka hatua ya pili kwa imani kwamba akwariamu ikiwa kubwa, mla na mliwa watapishana. Afrika Mashariki inao ushahidi mkubwa kwamba sivyo. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, wakati fulu, wale samaki wadogo wa rangi wa jamii ya Haplochromis, walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa ziwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 fulu walikuwa wameporomoka, na aina nyingi zilitoweka. Maji yalichafuka pia na uvuvi uliongezeka, lakini mdomo wa sangara ulikuwa sababu kuu. Baadhi ya aina hizo leo zimesalia kwenye akwariamu za Ulaya na Marekani tu. Ikiwa kilomita za mraba zaidi ya 68,000 hazikumficha fulu, sentimita 80 za kioo hazitamficha neoni.

KISANDUKU: Jamii tatu za kuanzia, lita 100

*Maji ya bomba, bila hita (nyuzi 19 hadi 23):* danio milia (Danio rerio) 8, na kori madoa (Corydoras paleatus) 6. Ukitaka rangi, ongeza plati madume 4 wa aina ya Xiphophorus variatus, wanaovumilia baridi kuliko gapi.

*Maji ya bomba, pamoja na hita (nyuzi 24 au 25):* tetra neoni (Paracheirodon innesi) 12, kori shaba (Corydoras aeneus) 6, na gurami asali (Trichogaster chuna) wawili. Gurami huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo huvumilia stima kupotea.

*Maji ya chumvi, pamoja na hita (nyuzi 24 au 25):* gapi madume 6 na plati madume 4, basi. Kama pH imepita 8.5, anza na nusu ya idadi hiyo. Bila hita, waache gapi na ubaki na plati wa variatus.

Samaki wa Ziwa Malawi, wale mbuna wa buluu na manjano, nao hupenda pH ya 8, na kwa mwenye kisima wanavutia. Lakini ni wagomvi wa mipaka, wanataka lita 200 na zaidi, mawe mengi, joto la nyuzi 24 na kuendelea, na wakae peke yao. Usiwachanganye na gapi.

"Lakini dukani wanakaa pamoja"

Hili ndilo pingamizi linalowashinda wanunuzi wengi, kwa sababu linaonekana kwa macho: kioo kimoja, ndani yake goldifishi, gapi, malaika na oska wadogo, na wote wanaogelea. Kinachoonekana pale ni samaki wachanga, wasiofikisha hata robo ya ukubwa wao, waliokaa siku chache na watakaoondoka kabla ya kuanza kumiliki eneo. Muuzaji hadanganyi akisema hawajapigana, ila yeye anawaweka kwa siku chache na wewe unawaweka kwa miaka. Vivyo hivyo kwa jirani anayesema goldifishi wake amekaa na gapi mwaka mzima. Goldifishi akitunzwa huishi miaka 10 na kuzidi, kwa hiyo mwaka mmoja ni utoto wake. Anachafua maji kuliko gapi kumi, anapenda baridi wakati gapi anataka joto, na siku mdomo wake utakapopanuka, gapi watapungua bila mzoga kuonekana.

Wengine husema samaki hujipima na chombo, kwamba ukimweka padogo hatakua. Ni kweli kwamba hudumaa. Hudumaa kwa sababu maji machafu na msongo vimemzuia, na maisha yake hufupika. Kudumaa huko ni dalili ya ugonjwa, na akwariamu haiwezi kujengwa juu yake.

Utaratibu wa kuanza

1. Weka akwariamu kando ya ukuta unaobeba nyumba, mbali na jua la dirishani. Ya lita 100 pamoja na kioo na changarawe hukaribia kilo 130 au zaidi, kwa hiyo meza ya televisheni haifai. Kama umetengenezewa na fundi wa vioo, ijaze na uiache siku mbili juu ya magazeti makavu uone kama silikoni inavuja, kisha uyamwage maji hayo.
2. Washa filta na uiendeshe wiki nne hadi sita bila samaki, ukitia chakula kidogo kila siku kioze na kulisha bakteria. Akwariamu iko tayari pale amonia na nitriti zote zinaposoma sifuri.
3. Ingiza kundi la kwanza peke yake, uwe unapima maji kila baada ya siku mbili, na ungoje wiki mbili kabla ya kundi la pili.
4. Acha mfuko wa samaki uelee juu ya maji kwa dakika 20, kisha utie kikombe kidogo cha maji yako mfukoni kila dakika tano hadi ujae. Mtoe samaki kwa wavu. Maji ya dukani yaende sinkini.
5. Lisha kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Chakula kilichobaki chini ni amonia ya kesho.

Ukiwa dukani, hakikisha:

☐ Umebeba pH na joto la alfajiri vimeandikwa kwenye karatasi, na jina la kisayansi la samaki unayemtaka, kwa sababu majina ya mitaani hubadilika kutoka duka hadi duka.
☐ Umeuliza wametoka shambani lini. Wakiwa wamefika leo, rudi baada ya wiki.
☐ Hakuna mfu ndani ya kioo kile, wala samaki anayehema juu ya maji, aliyebana mapezi au mwenye vidoa vyeupe. Akiwepo mmoja, usinunue hata wazima.
☐ Umemwona akila.

Stima ikipotea, usiwalishe. Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, dakika chache kila nusu saa, au uwe na pampu ndogo ya hewa ya betri. Funika vioo kwa blanketi usiku wa baridi ukiacha juu wazi. Filta ya kopo lililofungwa ikikaa bila stima kwa saa nyingi, bakteria waliomo hufa, kwa hiyo suuza sponji kwa maji ya akwariamu yenyewe kabla ya kuiwasha tena. Ukiisuuza bombani, klorini itamaliza waliobaki.

Na ikitokea kwamba samaki wamekuzidi, ama wamezaana ama mmoja amegeuka mkorofi, warudishe dukani hata kama ni bure, au mpe mwenye maji yanayofanana na yako. Usimwage samaki wala mimea ya akwariamu katika Mto Nairobi, Ngong au Bwawa la Nairobi. Kamba wa Louisiana waliingizwa Naivasha mwaka 1970, wakala mimea ya majini, na hadi leo hakuna aliyeweza kuwatoa.